Bobine ya Kasongo na Bobine ya Kabambare

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye mifuko ya muchele ya watu wengine. Leo nina duka langu Kasongo, paneli za jua juu ya bati, batri zake ndani, na firigo mbili kubwa. Shule niliacha darasa la tatu. Wenye diplome ndio wanaokuja kwangu kunywa maji baridi.

Juma la ndoa ya binti yangu, firigo zote mbili zilijaa samaki wa Lualaba, chakula cha wakwe. Bwana harusi anatoka familia ya majina mjini, watu wa kuangalia sahani kabla ya kuangalia bibi harusi. Ndipo konvertisere ikazimika, ile mashine inayogeuza umeme wa batri uwe umeme wa firigo.

Nikaipeleka kwa fundi wa redio pembeni ya soko, mutu wa maneno mengi. Akaifungua, akanusa.

“Patron, bobine imeungua, huu waya wa shaba uliozungushwa. Tunatafuta ya mikrohenri mia ine na makumi saba.”

“Henri ni nini?”

“Ni kipimo cha bobine, kama litre kwa mafuta. Inaonyesha namna gani bobine inabishana na umeme.”

Meza ya pili, chini ya mwavuli uleule wa fundi, ilikuwa ya mama muuza vipuri. Hakungoja niulize. Alipekua katoni yake akatoa kitu kidogo cha waya wa shaba.

“Iko, papa. Hii hapa: milihenri sifuri nukta makumi ine na saba. Elfu kumi na tano.”

Nikamtazama yeye. Nikamtazama fundi.

“Ndiyo hiyo,” fundi akasema, bila aibu.

“Wewe ulisema mia ine na zaidi. Huyu anasema hata moja haifike!”

“Patron, mikro elfu moja ni mili moja. Mili elfu moja ni henri nzima. Na chini ya mikro kuko nano, tena elfu kwa moja. Namba inabadilika, bobine ni ile ile.”

Hapo akajiharibia. Maneno hayo niliyasikia nikiwa kijana. Baba yangu aliuza muchele wa msimu muzima kwa manoti ya zaire, pesa ya zamani, milioni juu ya milioni. Siku moja redio ikasema sifuri zinakatwa, namba inabadilika, mali ni ile ile. Habari ya kubadilisha ilipotufikia huku, nafasi ilikuwa imepita, na mama yangu aliwashia moto yale manoti. Tangu hapo, mutu akinibadilishia kipimo katikati ya biashara, mimi nashika mufuko. Na hawa walikuwa wawili, mwavuli mumoja, hesabu inayokubaliana haraka namna ile.

Nikapanda pikipiki yangu kwenda Kabambare. Njia mbaya, matope mpaka magoti baada ya Wamaza, lakini mimi si mutu wa kuibiwa. Muuzaji wa kule akaniuliza, “Ni ya kazi gani, baba?”

“Ya kazi yangu.” Anayetaja shida yake ataiona ndani ya bei.

Akanionyesha bobine yenye chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Juu yake, wazi kabisa: 470. Nyuma ya namba kulikuwa na herufi mbili, lakini herufi ni kazi ya walimu. Nikalipa nikicheka moyoni.

Niliporudi Kasongo, fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaita jirani yake. “Mama, kuja uone! Patron ametuletea milihenri mia ine na makumi saba!”

“Ni mara elfu moja, papa,” yule mama akasema.

“Basi nimewapa zaidi. Funga.”

“Itazuia umeme, patron.”

“Funga!”

Akafunga. Nyumbani taa ikawaka dhaifu, kama ina homa. Firigo zikanguruma kidogo, zikanyamaza. Bibi yangu akafungua kifuniko, akafunga upesi.

“Baba ya batoto, harufu imeanza. Tutaweka nini mbele ya bakwe?”

Nikarudi sokoni. Yule mama alikuwa ameiweka bobine yake ndogo juu ya meza, kana kwamba alinitarajia. Hilo pia nililiona.

“Bei gani sasa?”

“Elfu kumi na tano. Ama kama unapenda namba kubwa, nikuhesabie kwa santimu? Ni milioni moja na nusu.”

Soko lote likacheka. Nikalipa kwa franka. Fundi akafunga ile bobine, na firigo zikaanza kuimba. Samaki tuliwamwaga shimoni, firigo zikapoa bure. Nikatafuta mbuzi kwa bei ya mutu mwenye haraka; wakwe wakala, wakasifu, na binti yangu akaolewa kichwa juu.

Ile nzito ya Kabambare inashikilia mulango wa duka. Mwavuli wa wale wawili ungali mumoja, na kila nikipita naangalia. Bobine mbili, esansi ya pikipiki, samaki na mbuzi: franka elfu mia saba makumi munane na tatu, na mia tano.