Makaroni ya Mama Yalipomsubirisha Mgeni

Sogea karibu, msikilizaji wangu. Juzi, dukani hapa Morogoro, niliona jibini imepangwa kama sabuni, nikakumbuka alasiri ile Mama alipopika makaroni ya kuoka.

Kiwanda alichofanyia kazi Mama kilikuwa kimeuzwa, naye alikuwa ameachishwa kazi. Mwanamke mmoja aliyefungua nyumba ya wageni alitafuta mpishi, akaahidi kuja kuonja mapishi ya Mama. Mama alichanganya makaroni, kamba waliosafirishwa kwenye barafu kutoka Dar, na jibini ya kopo ambayo mimi niliona inanuka kama soksi.

"Jibini na kamba sufuria moja?" jirani yetu alicheka. "Hata paka atauliza kwanza!"

"Cheka, shoga. Sahani yako ipo," alijibu Mama, akipalia makaa juu ya mfuniko.

Mgeni alifika Mama akiipua. Nilimwamkia, naye akavuta harufu. "Pakua basi, dada. Nina njaa."

"Bado, mama. Keti kwanza."

Nilidhani Mama ameogopa, na kazi imeshapotea. Sufuria ilitokota taratibu, ikapunguza sauti, ikanyamaza. Hapo ndipo Mama alipokata. Kipande kilitoka kizima, kimeshikana vizuri. Mgeni alikula, akaongeza, kisha akauliza, "Unaanza lini?"

"Kesho asubuhi," alisema Mama.

Leo najua kwamba jibini ya moto humwagika, na ikipoa kidogo hushika. Kwa hiyo ukishaipua, usikate upesi. Iache itulie mpaka usisikie ikitokota, ndipo uchukue kisu.