Karanga Ishirini na Tano za Dieudonnée

Katika Kasongo yote, anayejua kupima barabara kwa haki ni mmoja tu: Dieudonnée, mtoto wa dada yangu. Nilimfundisha mimi. Yeye anakataa, lakini anayeandika hapa ni nani?

Siku za kawaida anauza sabuni sokoni. Likija shindano la kinga, yaani baisikeli zetu, yeye ndiye mita na yeye ndiye saa. Sisi na watu wa Salamabila hatukimbii pamoja, maana njia ni mbaya. Kila mutu anakimbia kwao, kilomita tano, kisha tunapigiana simu kulinganisha dakika. Njia yetu ikizidi kidogo tu, wetu wanaonekana wavivu. Mwaka juzi mutu mwingine aliipima kwa macho. Salamabila walitucheka mpaka Noeli.

Basi mwaka jana, siku moja kabla ya shindano, Dieudonnée alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele la kinga yake. Mzunguko mmoja ni mita mbili. Alisukuma akihesabu kitambaa, na kila kikitimiza mia ananipa karanga moja yenye ganda, niweke ndani ya kofia yangu. Karanga ishirini na tano, kilomita tano.

Mimi sikuwa nimekula. Nilimsimulia habari za farasi nilizosikia redioni: eti Ulaya farasi anashinda kwa shingo, hata kwa pua! Tulipovuka daraja, mdomo uliosema sana ukadai haki yake.

Karanga ya ishirini na tano ilipoingia kofiani, alisimama.

"Mujomba, mbona tumefika mbali hivi? Iko kitu."

"Ni uzee, mama."

"Uzee wa nani? Fungua kinywa."

Nikafungua. Tuyaache hayo.

"Umekula ngapi?"

"Tatu."

"Mujomba!"

"Labda nne. Mimi ni mutu wa kula au wa kuhesabu?"

Shindano ni kesho, na jua linashuka. Akanirudisha mpaka darajani, yeye akiokota maganda niliyotupa njiani. Sita. Akanitazama usoni, akanyoosha mkono, akachomoa la saba kwenye ndevu zangu.

Tukaenda tena mpaka pale aliposimama. Pale akarudisha gurudumu nyuma mara mia saba, mia kwa kila ganda, akachomeka kijiti.

Kesho yake alishika krono, saa ya kupimia mbio. Carine, yule muuza mafuta ya mawese, alipita kijiti kwa dakika kumi na mbili na sekunde nane. Simu ya Salamabila ikalia: kumi na mbili na kumi.

Soko zima liliimba. Nikawatangazia kwamba tumeshinda kwa shingo ya farasi, tena kwa akili yangu. Dieudonnée alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huu anapima tena. Kofia ni ileile, mbebaji ni mimi. Ila kila mia ananipa kijiwe.

"Tafuna basi, Mujomba."