Usingizi wa Bosi Kwenye Filamu ya Mpiga Pasi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu yanagonga bati tangu alfajiri, na nje kuna ubaridi. Ndani ya duka la dobi ni joto tupu. Mama wa miaka arobaini na minane ananyunyizia maji kola ya shati na kuikandamiza kwa pasi. Mvuke unamfunika uso. Midomo yake inacheza. Anaomba.

"Leo filamu yangu inaonyeshwa," anasema bila kuinua macho. "Namwomba Mungu anisitiri."

Wenzake humwita Mwanachuo, kwa utani. Aliacha shule akiwa darasa la nne ili alee wadogo zake. Miaka miwili iliyopita akaanza masomo ya jioni, akakaa dawati moja na vijana ambao angeweza kuwazaa.

"Siku ya kwanza walisimama wote," anacheka. "Walidhani mwalimu ameingia!"

Ni mwalimu wake aliyewaambia kuhusu tamasha la filamu linalopokea kazi za wanafunzi na chipukizi, hata zilizopigwa kwa simu. Basi Mwanachuo akarekodi anachokijua: vidole vya wenzake, vifungo, shuka zikikunjwa. Bosi hakuambiwa.

Saa nane mchana mvua imekatika. Mlangoni mwa ukumbi, binti mwenye beji anamwamkia.

"Shikamoo mama. Umemleta nani?"

"Marahaba mwanangu. Nimejileta mwenyewe."

Anajibanza safu ya nyuma. Mara anashtuka: kule mbele, chini ya feni, unang'aa upara wa bosi wake. Mke wa bosi alipata habari kwa wapiga pasi, akamburura mumewe aje kutazama.

Taa zinazimwa. Filamu inaanza vizuri. Vidole, vifungo, shuka. Halafu anatokea bosi, mdomo wazi, amelala fofofo juu ya lundo la mataulo.

Ukumbi unaangua kicheko. Mwanachuo anashika kichwa. Kipande kile alishakikata siku nyingi zilizopita. Kumbe kwa haraka zake alituma nakala ya kwanza, ambayo haijakatwa kitu.

"Niliona kazi inaniponyoka hivi hivi," anasimulia baadaye. "Mama yangu mzazi na wanangu wawili wanaitegemea pasi ile. Nikasema, Mola wangu, sakafu ifunguke nizame."

Taa zinawashwa. Mshereheshaji anamwita mbele, kisha anauliza kama kuna mwenye swali. Bosi anasimama.

"Yule ni mimi," anasema.

"Na kukoroma tumekusikia!" mkewe anadakia. "Nyumbani kila siku unabisha!"

Watu hoi. Bosi anangoja watulie.

"Mimi hufungua duka saa kumi alfajiri, nichemshe maji kabla wenzangu hawajafika. Hakuna anayeniona. Leo nimejiona mwenyewe, jamani. Kweli nimechoka." Anamgeukia mpiga pasi wake. "Wewe Mwanachuo, mbona umejikunyata kama kuku wa mvua? Ulidhani nitakufukuza?"

"Ndiyo, bosi. Nisamehe. Sikukuomba ruhusa."

"Ungeomba ningekunyima. Jumatatu njoo kazini kama kawaida. Na filamu uniletee, watoto wangu waione."

Mwanachuo anashusha pumzi ndefu, mabega yanalegea. "Asante Mungu," ananong'ona, lakini kipaza sauti alichoshikishwa kinamchongea, na ukumbi mzima unapiga makofi.

Mshereheshaji anauliza nini kinafuata. Mwanachuo anajibu kwamba tamasha lijalo anataka kuleta filamu ya pili: ile saa kumi alfajiri, bosi akiwa peke yake na masufuria ya maji.

"Kwa kuninyemelea tena?" bosi anauliza.

Mwanachuo ananyoosha mkono juu, watu wote wakimtazama.

"Nyote mashahidi. Naahidi safari hii nitabisha hodi kwanza. Na nikikukuta umelala, bosi, simu naiweka chini. Nitakufunika shuka."