Mwacheni Fito Amalize

Asije mtu akakwambia Fito Zamarripa alizaliwa na bahati. Mimi ndiye niliyemfulia jezi miaka yote aliyoichezea shule yetu ya Palo Hondo, na jezi ya mwenye bahati haiji na madoa kama yale. Damu, nyasi, chokaa ya mistari, na mara moja hata mchuzi wa pilipili. Hilo la mchuzi nitalifikia, tulia.

Jina langu Lurlene. Hapa mjini wananiita Mama Lurlene, hata wazee walionizidi umri, kwa sababu jezi zao za ujana zilipita mikononi mwangu na hawana ubavu wa kuniletea maringo. Nafua jezi za shule ya sekondari. Ukitaka kujua nani anacheza kweli na nani anauza sura uwanjani, njoo kwangu, usiende kwa waandishi wa magazeti.

Fito alilelewa na bibi yake, Bibi Chelo, kwenye nyumba ya mbao iliyo nyuma ya kinu cha pamba, kwa sababu mama yake alikuwa dereva wa malori ya masafa na nyumbani alionekana kwa nadra. Mtoto alikuwa na kigugumizi. Si kile cha aibu kinachoisha ukipewa peremende, hapana, kigugumizi chenyewe hasa. Neno lilimkwama kooni mpaka mishipa inamtoka shingoni, na mbaya wake mkubwa alikuwa herufi T. Shuleni walimcheka. Kwa hiyo akawa haongei, akashinda uani akirusha magunzi ya mahindi kupitia tairi lililoning'inizwa kwenye mti. Alirusha akiwa amesimama, akikimbia, akianguka. Gunzi lilipita katikati ya lile tairi na kuta zake hazikujua kama kuna kitu kimepita.

Bibi Chelo alikuwa na sheria moja mezani kwake: ukimmalizia Fito neno, unakula mwiko. Si mwiko wa chakula. Mwiko wa vidole.

"Mwacheni amalize!" alikuwa akisema, na pá! Hata padri alishawahi kuupata.

Sasa, huku kwetu mpira huchezwa kwa mikono, na kwotabeki si mchezaji kama wachezaji wengine. Ndiye mwenye usukani. Anasimama nyuma ya ukuta wa vijana wanene, anaita neno, mpira unatoka katikati ya miguu ya kijana aliyeinama mbele yake unamfikia mikononi, na hapo anaamua amrushie nani. Kabla ya neno hilo, wote wametulia. Timu ikijitikisa kabla ya wakati, au ikivuka mstari, refa anatupa kitambaa cha njano na wanaadhibiwa yadi tano. Neno letu ni "twende". Ndiyo, linaanza na T. Wewe acha tu.

Kocha Stovall aliuona ule mkono wa Fito, akapagawa. Siku ya kwanza ya mazoezi akampanga kwotabeki. Fito akasimama nyuma ya Wade Tidwell, mtoa mpira wetu, kijana mwenye mgongo mpana na moyo wa dhahabu. Akafungua mdomo.

"T—"

Nusu ya ukuta ikaondoka. Nusu ikabaki. Wawili wakagongana vichwa.

"T-t-t—"

Waliobaki nao wakaondoka. Wade akautoa mpira, ukampiga Fito tumboni. Waliokuwa wamekaa kwenye ngazi za uwanja wakacheka mpaka wakashika mbavu, na ilikuwa hivyo wiki nzima.

Ijumaa Kocha akamwita pembeni, karibu na mlango wangu wa chumba cha kufulia, nikasikia kila kitu.

"Mwanangu, mkono unao. Naapa sijawahi kuona mkono kama huo. Lakini kwotabeki ni sauti kwanza. Nampa Brody."

Fito akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa benchi.

Brody Aldridge alikuwa mtoto mzuri, simsemi vibaya. Sauti yake ungedhani mtangazaji wa redio. Ila mpira wake ulikwenda kwa yeyote aliyekuwa tayari kuupokea, wa kwetu au wa kwao, alikuwa hana ubaguzi. Tukafungwa mechi ya kwanza. Tukafungwa ya pili vibaya zaidi. Kila baada ya mechi Fito alikuja mlangoni kwangu na jezi yake imekunjwa vizuri.

"Chukua, M-m-mama Lurlene. Haijachafuka."

Jezi safi! Nimefua matope ya kila aina maishani mwangu na sijawahi kulia, lakini ile jezi safi iliniliza. Nikaifua hivyo hivyo, nikaianika pamoja na za wenzake.

Basi huku kwetu, kila Alhamisi kabla ya mechi, familia moja inawalisha vijana wa ukuta, maana wale wana matumbo, si mchezo. Alhamisi ya kabla ya mechi ya tatu zamu ilikuwa ya Bibi Chelo. Nami nilikwenda kumsaidia kubeba masufuria. Meza ilijaa tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda ya mahindi, na mchuzi mwekundu wa nyama na pilipili, na vijana wamebanana kwenye mabenchi yanayolia. Fito naye alikaa nao, na jezi yake ya mazoezi. Akainua bakuli, likamponyoka, mchuzi wote ukammwagikia kwenye jezi na mapajani, na ulikuwa wa moto.

"Nipeni t-t-t—"

"Tamale!" akasema Wade, akamwekea tamale mkononi.

Pá! Mwiko ukatua.

"Aah! Bibi! Nimekosa nini?"

"Mwacheni amalize!" Bibi Chelo akamsimamia kichwani. Ni mfupi, lakini Wade akasinyaa. "Fito, unataka nini, baba?"

"—taulo!" akasema Fito, anaruka ruka.

Weee, kicheko! Hata Fito alicheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msimu uanze. Kila aliyesahau baada ya hapo alikula mwiko wake, na ulipofika wakati wa kahawa hakuna aliyekuwa anasahau tena. Fito alikuwa akianza neno, na majitu yale yanaganda, vijiko hewani, midomo wazi, yanasubiri lifike mwisho ndipo yatafune.

Wade Tidwell kichwa chake kinachelewa, lakini kikifika kimefika. Kesho yake asubuhi akaingia kwa Kocha na ukuta mzima nyuma yake.

"Kocha, mrudishe Fito. Tunaweza kumsubiri."

"Mnaweza nini?"

"Kumsubiri amalize. Bibi yake ametufundisha." Wakanyoosha mikono, wote wana vidole vyekundu.

Kocha akavitazama vile vidole. "Mkitikisika mara moja tu," akasema, "mara moja tu, namrudisha Brody, na jambo hili nisilisikie tena mpaka kufa kwangu."

Jioni ile tukawa nyumbani dhidi ya mji mmoja wa jirani. Fito akasimama, akafungua mdomo.

"T-t-t—"

Ukuta wetu haukutikisika, hata kope. Lakini wale wa upande wa pili? Bibi yao hakuwafundisha! Waliposikia T wakaruka mstari wote kama kuku waliomwagiwa maji. Kitambaa cha njano. Yadi tano kwetu. Fito akarudia, wakaruka tena. Yadi tano nyingine. Na walipoogopa kuruka, wakabaki wanajiuliza uliza, Fito alikuwa ameshamaliza neno lake na mpira uko hewani. Ule mkono! Tulishinda mpaka nikaona haya kwa niaba yao.

Na tukaendelea hivyo. Brody mwenyewe alimwambia Kocha amweke pembeni awe mpokeaji, akasema, "Mimi miguu ninayo, mkono mwachie mwenye mkono." Ndiyo maana nasema simsemi vibaya. Na jezi ya Fito ikaanza kuja kwangu imechakaa, imechafuka, inanuka. Niliifua nikiimba.

Basi tukafika fainali ya wilaya, kwao Tolliver. Tolliver ndio wenye uwanja mkubwa, ndio wenye majivuno, na tulikuwa hatujawafunga tangu nikiwa na meno yangu yote. Wakaja na kelele zao, ngoma na kengele za ng'ombe. Lakini Fito alipokwenda kusimama nyuma ya Wade, wakafanya kosa moja kubwa. Walinyamaza. Watu elfu kadhaa, kimya, ili wamsikie akikwama wamcheke. Wakatupa sisi utulivu ambao kwao hakuna mgeni aliyewahi kuupata.

"T-t-t—"

Wakaruka. Njano! "T-t—" Wakaruka. Njano! Kocha wao akaingia uwanjani amewiva uso.

"Refa, huyu anadanganya! Anafanya makusudi!"

Refa alikuwa mzee mkavu asiyependa kucheka. Akamwendea Fito. "Kijana, ndivyo unavyoongea?"

"N-n-n—" Refa akasubiri. "—ndiyo, bwana."

"Basi ndivyo anavyoongea," refa akamwambia yule kocha. "Yadi tano. Na wewe rudi kwako."

Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu akaziba masikio.

Lakini wa Tolliver si wajinga. Baada ya mapumziko kocha wao alikuwa akitembea kando ya mstari anapiga kelele, "Msubirini amalize! Nyie, msubirini amalize!" Maneno ya Bibi Chelo yale yale, kwenye mdomo wa adui! Nikamtazama bibi mwenyewe pembeni yangu, kakunja mdomo, mwiko kaushika kwenye mkoba, maana alikuja nao. Nao wakaanza kusubiri kweli. Neno likiisha tu, wanamfikia Fito kabla hajainua mkono. Walimwangusha, wakamwangusha tena. Wakafunga, wakatupita kwa pointi nne. Nikaona mwaka wetu unakwenda na maji.

Mwisho kabisa mpira ni wetu, karibu na mstari wao, jaribio limebaki moja tu na saa inayoyoma. Tukilikosa hilo, basi. Kocha Stovall alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Vijana wakakusanya vichwa kwenye duara, na yaliyosemwa mle ndani nilikuja kusimuliwa na Wade Jumatatu, wakati ananiletea jezi.

"S-s-safari hii," Fito akawaambia, "msi-msinisubiri."

Wakamtazama.

"Nikisema T, T ya kwanza t-t-tu, ondokeni."

"Bibi atatuua," akasema Wade.

"Nitaongea n-n-naye."

Wakapanga mstari. Uwanja ukanyamaza tena, wanangoja kicheko chao cha mwisho. Kocha wa Tolliver kakunja ngumi. "Msubirini! Msubirini amalize!" Na wao, watoto watiifu, wakainama wakamsubiri.

"T—"

Wade akautoa mpira! Ukuta wetu wote ukaondoka kwa pamoja, na wale wa Tolliver bado wameinama, wanangoja neno liishe. Na Fito, nakuapia, alikuwa bado analisema. Midomo inacheza, "t-t-t", huku mguu unarudi nyuma, huku mkono unapanda. Akaurusha juu ya vichwa vya watu, ukashuka kwenye pembe ya mbali, ndani kabisa ya mstari wao, pale ambapo kuudaka ni pointi sita, ambako Brody Aldridge alikuwa amesimama peke yake. Ukamtua mikononi.

"—twende!" akasema Fito. Akamaliza.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka Bibi Chelo amepanda juu ya benchi anapunga mwiko. Nakumbuka Kocha Stovall, mwanamume wa kifua kile, analia waziwazi huku akisema, "Sauti kwanza, nilimwambia! Mjinga mimi, nilimwambia sauti kwanza!" Wazazi wa Palo Hondo wakashuka uwanjani, wakambeba Fito juu juu, na jezi yake ile sijaifua mpaka leo. Ipo kwangu ukutani na madoa yake yote.

Alipomaliza shule akaondoka. Chuo kikuu kimoja cha kaskazini, kule kwenye theluji, walimchukua, na mwaka wake wa pili tu wakampa usukani. Siku ya mechi yake ya kwanza mji mzima tulijazana kwenye ukumbi wa kanisa mbele ya televisheni. Mtangazaji akasema yule kijana ana namna ya ajabu ya kuita mpira. Tukamzomea! Ukumbi mzima! Ajabu kwake, kwetu ndiyo kawaida. Alishinda siku hiyo, na amezidi kushinda.

Ila nikueleze lililonigusa. Jumamosi iliyopita nilikuwa naanika nguo, nikasikia watoto wanacheza mpira nyuma ya kinu cha pamba. Wadogo, wa darasa la kwanza, la pili. Kitoto kimoja cha kike kimesimama nyuma ya wenzake, kinaita kwa sauti, "T-t-t-t—"

Nikapandwa na hasira. Nikatoka na taulo limelowa, tayari kumchapa mtu.

"Nyie! Nani anamcheka Fito hapa?"

Kikanigeukia, kimeshangaa kweli. "Hatumcheki, Mama Lurlene. Kwotabeki si ndivyo anavyosema?"

Taulo likanishuka mkononi. Nacho kikarudi kwenye mchezo wake, kikaanza upya toka kwenye T, polepole, na wenzake wote mbele yake walikuwa wameinama, hawatikisiki, wanakisubiri kimalize.