Kashindye Mgonga Mawe

Kashindye hawezi kupita ukuta bila kuugonga. Anagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, ndipo anapita. Siku ya kipaimara cha mwanangu Queen aliigonga nguzo ya kanisa mbele ya padri, nikatamani ardhi inimeze. Hapa Mkuyuni watu wameshamzoea. Wanasema anaongea na kaka yake. Mimi sipendi hata kidogo. Kuna siku nilimuuliza anasikia nini humo, akanijibu bila kutabasamu, "Siku nyingine jiwe linajibu, Mama Queen." Sikumuuliza tena.

Kaka yake alikuwa Shija. Kwa Wasukuma, Shija ni mtoto anayefuata mapacha, na Kashindye ni anayemfuata Shija. Kwa hiyo hata ukimwita yeye, umemkumbusha marehemu. Wote wawili walikuwa wapasua mawe huko mlimani, nyuma ya gesti yangu. Jiwe kubwa hupasuliwa kwa moto: unalichomea matairi chini yake, likishika joto linaachia vipande, ndipo unaponda kokoto. Lisipoachia, wenyewe wanasema limekataa. Kazi ya kugonga na kusikiliza kama limeshapasuka ndani ilikuwa ya Kashindye, na sifa yake ilienea Nyamagana nzima.

Miaka tisa iliyopita jiwe moja lilikataa. Wakaliacha. Kesho yake asubuhi Shija akarudi peke yake, na bamba zima la jiwe hilo likamwangukia. Mtaa mzima ukasema tamaa ndiyo iliyomuua, kwamba alikimbilia kunyofoa vipande kabla mwenzake hajafika. Hata mimi nilisema, tena kwa sauti, msibani, na sahani ya wali mkononi. Kashindye alikaa kwenye mkeka akanyamaza. Tangu siku hiyo hajachoma jiwe tena. Anaokota yaliyojipasukia tu.

Mwaka huu mwezi wa sita nikapata mgeni, Otuoma, jamaa wa Kisumu. Alishuka na godoro mgongoni.

"Gesti hii ina magodoro," nilimwambia. "Au umesikia yetu yana kunguni?"

Akacheka. Akasema anazunguka ziwa akitafuta mawe ya kupanda. Kupanda uende wapi? Kupanda tu, kwa mikono, bila kamba, godoro likae chini la kuangukia. Dunia ina watu.

"Kwa simu naona tu picha za ile rock ya Bismarck ya ziwani, mama," alilalamika. "Na hii town yenu ni mawe kila mahali! Nani anaweza nionyesha yenye iko sawa?"

Nikaona huyu ni wa Kashindye. Nikampeleka, kisha nikafunga kaunta nikapanda nao mlimani. Umbea? Ndiyo, umbea.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri. Kashindye anagonga, anasikiliza, anasema, "Hili panda." Otuoma anatupa godoro, anajipaka unga mweupe viganjani asiteleze, anakwea kama mjusi. Mawe matatu, manne. Kila akifika juu anapiga kelele, na ziwa lote liko chini yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimwona Kashindye akicheka.

Kisha Otuoma akazunguka kona, tukasikia akipiga mluzi.

Alikuwa amesimama mbele ya jiwe la Shija. Pale bamba lilipobanduka pamebaki uso laini, mrefu, na katikati una ufa ulionyooka, unaotosha vidole. Hatua chache pembeni, chini ya turubai, Sabina, mjane wa Shija, alikuwa anaponda kokoto. Hapo ndipo anapokaa kila siku. Kashindye huwa hapiti njia hiyo.

"Hili ndilo nimetafuta kutoka Kisumu," Otuoma alisema.

"Hilo hapana," Kashindye alisema. "Lina wenyewe. La mizimu."

Otuoma akasema kwa heshima kwamba ataomba ruhusa, hata soda atamwaga. Akaweka godoro. Akaingiza vidole kwenye ufa, akajivuta, miguu ikaacha ardhi. Nilimtazama Kashindye. Akamtazama Sabina, akalitazama jiwe, na nikaogopa bila kujua naogopa nini.

"Shuka!" alipiga ukelele. "Shuka, litakuua! Huo ufa ni wa moto. Nimeuchoma mimi!"

Otuoma akajiachia, akadondoka kwenye godoro.

"Si ulisema ni mizimu?"

"Nilidanganya. Niligonga likiwa bado la moto. Jiwe la moto linalia vizuri kama zima, kwa sababu ufa umebana. Mpaka lipoe ndiyo linasema kweli, na mimi nilijua. Lakini kulikuwa na mechi ya watani wa jadi, nilikuwa nawahi. Nikamwambia Shija limekataa. Nikamwambia kesho awahi asafishe majivu chini, tuongeze matairi. Hakuja kwa tamaa. Nilimtuma mimi."

Nyundo ya Sabina ilikuwa imenyamaza. Mimi nilikumbuka maneno yangu ya msibani, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Najua, shemeji," Sabina alisema.

Kashindye akamgeukia.

"Alikunywa uji, akaniambia, 'Kashindye kasema limekataa, naenda kusafisha.' Akaenda."

"Ukanyamaza? Miaka tisa wanamwita mumeo mwenye tamaa!"

"Ningesema mimi, wangesema mjane anatafuta wa kumlaumu. Lilikuwa lako kusema. Nikakaa hapa ili ukija, unikute."

Kashindye akapiga magoti kwenye kokoto. "Umenisubiri miaka yote hiyo, shemeji?"

Sabina akafikiri, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa.

"Mwaka wa kwanza nilikusubiri," alisema. "Hiyo mingine nilikuwa naponda kokoto tu."

Akashika nyundo, akaendelea na kazi.