Nzuri, Ila

Siwapendi watu wale, na nalisema mapema ili asije mtu akasema nilimficha. Walikuja na magari meupe, kompyuta za kukunja na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Wakapanga nyumba Rubwera, karibu na ofisi za wilaya, wakatangaza kwamba wamekuja kutupunguzia kazi sisi wahudumu wa afya wa vijijini, wa Karagwe na wa Kyerwa. Nani aliwaambia kazi imetushinda? Hakuna. Mimi natumikia Kituntu, lakini habari hii si yangu. Ni ya Stephania wa Kihanga, mwanamke aliyenifundisha kazi.

Stephania ana miaka hamsini na minane. Ni mjane mwenye ng'ombe sita, katika zizi ambalo marehemu mumewe aliliacha na arobaini. Viatu vya mpira anavaa mvua inyeshe isinyeshe. Shule aliishia darasa la saba, ila daftari lake la wajawazito lina mwandiko ambao hata mganga wa zahanati anauonea wivu. Na ni mkali. Kuna bwana mmoja pale Kihanga, jina lake namwachia mwenyewe, aliyekataa mkewe asiende kujifungulia zahanati. Stephania alikaa mlangoni kwake kutwa nzima akisuka mkeka, hata majirani walipoanza kuuliza kulikoni, yule bwana akaenda mwenyewe kutafuta pikipiki.

Sasa nieleze alivyokuwa akifanya kazi. Watu wetu ukiwauliza habari, watakujibu nzuri. Mtu anatetemeka kwa homa, nzuri. Nyumba imeungua, nzuri, ila nyumba imeungua. Si uongo huo, ni adabu. Mgeni hajakaa, utamtupiaje shida zako usoni? Unampa nzuri yake kwanza, na habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Tena huku kwetu Kiswahili wengi tunakivaa tunapotoka nyumbani, maumivu tunayasema kwa Kinyambo, ndiyo maana ila hiyo huchelewa zaidi. Stephania akiingia kwa mtu alisalimia, akapokea nzuri, akavuta kigoda, akanyamaza. Akiletewa maziwa alikunywa taratibu, macho yakiwa kwenye miguu ya mjamzito, kuona kama imevimba.

"Kembabazi," aliniambia mwaka wangu wa kwanza, "ukinyamaza, ila inakuja yenyewe. Wewe unaongea mno, unaifukuza."

Mkubwa wa wale watu alikuwa anaitwa Egbert. Daktari, lakini daktari wa takwimu. Mgonjwa hajawahi kumshika mkono. Kijana mpole, shati limenyooka, sauti ya chini. Alitukusanya Rubwera akatueleza kuwa kila Jumatatu kila mjamzito atapigiwa simu. Sauti ya mwanamke itamwuliza habari yake kwa Kiswahili, na akili mnemba itasikiliza jibu, kisha itampa rangi. Nyekundu, gari limfuate. Njano, mhudumu aende akamwone. Kijani, aachwe apumzike.

Stephania akanyoosha mkono. "Daktari, hiyo mashine inakaa kiasi gani?"

"Inakaa wapi, mama?"

"Ikishauliza. Inakaa kiasi gani ikimsubiri mtu aseme?"

Egbert akatabasamu, akasema sekunde chache tu, na huo ndio uzuri wake, kwa asubuhi moja inamaliza wilaya mbili. Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, siwezi kukataa, na kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Miongoni mwa wajawazito wa Stephania alikuwemo Nabasa, binti wa miaka ishirini, mke wa Ainebyona, mfugaji anayekaa juu huko kwenye malisho, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, imeingia mwezi wa nane. Jumatatu ya kwanza mashine ilimpa kijani. Ya pili kijani. Ya tatu kijani tena.

Stephania hakuridhika. Jumanne ile alishavaa viatu vyake, akapiga simu Rubwera kuwaarifu tu kwamba anapanda kwa Nabasa. Kijana wa ofisini akamkataza. Akamwambia wako kwenye majaribio, na akienda kumwona mtu wa kijani ataharibu data. Data ziharibike! Kana kwamba ni maziwa yatakayoganda! Lakini Stephania, mwanamke aliyeketi mlangoni kwa mwanamume kutwa nzima, safari hii alitii. Aliwaza kwamba wale wamesoma, na yeye ni darasa la saba. Akavua viatu akaviweka nyuma ya mlango. Kwa hilo hajajisamehe.

Alhamisi mchana Nabasa alianguka akiosha vibuyu vya maziwa. Kifafa cha mimba. Ainebyona na jirani zake walimbeba juu ya godoro mpaka barabarani, gari likapatikana, hospitali wakafika. Mtoto, wa kiume, alitoka amekwisha kufa. Nabasa alipona, ila kwa siku tatu macho hayakuona. Alisikia tu sauti za watu wanaompa pole.

Wiki iliyofuata ikatoka taarifa ya mradi. Chini ya jina la Nabasa waliandika maneno manne: "Mhudumu hakumtembelea mama." Basi, matatu. Nina hasira mpaka kuhesabu kunanishinda.

Tulikwenda Rubwera sisi watatu, mimi, Stephania na Ainebyona. Stephania alitaka kusikia ile simu ya Jumatatu. Egbert akaanza kusema habari za siri ya mgonjwa. Ainebyona akatoa karatasi mfukoni, Nabasa ameandika kwa mkono wake kwamba anakubali. Egbert akafungua kompyuta.

"Habari yako, mama mjamzito?" ilisema mashine, kwa sauti tamu ya mtangazaji.

"Nzuri," ilisema sauti ya Nabasa.

Kukapita kimya kidogo, jogoo akisikika kwa mbali. Kisha tena sauti ya Nabasa, chini, ya mtu anayeona aibu kusumbua: "Ila kichwa, tangu juzi. Na macho yanaona kama ukungu..."

"Asante sana," ilisema mashine juu ya maneno yake. "Tunakutakia siku njema."

Stephania aliziba uso kwa kitenge. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala kwenye msiba wa mumewe. Egbert akasema hilo ni bahati mbaya sana, lakini tuelewe kuwa mashine inapatia mara tisini na nne katika kila mia.

"Na mke wangu ni wa ngapi?" aliuliza Ainebyona.

Egbert akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini.

Miezi miwili baadaye tukaitwa tena, wahudumu wote. Ujumbe ulisema mashine imefundishwa upya, sasa inalijua neno "ila", na tunaombwa kusaini kuendelea na awamu ya pili. Sheria ya kijani imebaki vilevile. Nilimwambia Stephania asiende. Akasema atakwenda.

"Nataka kuwapa nafasi moja," aliniambia njiani. "Yule kijana hakosi salamu, anasimama mlangoni anamsalimia kila mtu. Leo akiniuliza habari, nitamjibu mbaya. Akiuliza mbaya ya nini, hata kwa neno moja, nitasaini. Nitajua angalau anayeifundisha ile mashine ana masikio."

"Na asipouliza?"

"Narudi kwenye miguu yangu. Nitapita nyumba zote, za kijani na zisizo na rangi. Wakitaka wanifukuze."

Niliona ni jambo dogo, karibu nimcheke. Lakini nilipowaza sana nikaona haya. Mimi katika maisha yangu sijawahi kumsikia mtu mzima akijibu "mbaya" kwa salamu. Hata aliyetoka kuzika hajibu hivyo. Ni kama kumvulia mtu nguo.

Tulipanga foleni mlangoni. Egbert alikuwa pale na karatasi za mahudhurio, anatabasamu, anagawa kalamu. Stephania alikuwa mbele yangu. Amevaa kitenge cha kanisani, lakini miguuni ni vile viatu vya mpira.

"Shikamoo mama! Habari za Kihanga?"

"Marahaba," alisema Stephania. Kisha, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Mbaya."

"Tunashukuru, tunashukuru," alisema Egbert. "Karibu sana. Saini hapa, mama, halafu chai iko upande ule."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Stephania alimtazama Egbert usoni, akasubiri. Alimpa muda, nashuhudia. Alimpa muda mrefu kuliko ambao mashine ilimpa Nabasa. Egbert alidhani haioni nafasi ya kusaini, akamwonyesha kwa kidole. Stephania akaitoa mkobani simu ambayo mradi ulitugawia, akailaza juu ya karatasi, akageuka. Alishuka ngazi akaelekea stendi, bila chai, bila kuaga.

Nikabaki mimi. Maneno yote niliyowaandikia hapa nilikuwa nayo mdomoni, ya mtoto, ya jogoo, ya kijana wa ofisini na data zake, nikasema sasa huyu atanisikia. Egbert akaisogeza ile simu pembeni, akaniinulia uso wake mpole.

"Shikamoo mama. Habari za Kituntu?"

"Marahaba," nikasema. "Nzuri."

Likanitoka lenyewe. Nikafungua kinywa tena. "Ila..." nikasema, na Egbert alikuwa ameshaniwekea kalamu mkononi, anamsalimia aliye nyuma yangu.