Kigelegele cha Jeddah

Kuna harufu moja ambayo viwanja vya ndege vya Uarabuni vyote vinayo: dawa ya kusafishia sakafu, udi uliokwisha kuzoeana na nguo za watu, na kahawa yenye iliki nyingi kuliko kahawa yenyewe. Juzi nilikwenda kumpokea mume wangu hapa Mombasa akitoka safari ya kazi, na begi lake likapita mbele ya pua yangu likinuka hivyo hivyo. Nikaduwaa pale mlangoni. Mume wangu akadhani nimezidiwa na furaha ya kumwona. Sikumsahihisha, maana hata mume naye anastahili sadaka mara moja moja.

Mimi nimelelewa Riyadh, mtaa wa Malaz, katika jengo la ghorofa lenye lifti iliyofanya kazi ikipenda. Baba alikuwa dereva wa kampuni ya wahandisi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu uwanja wa ndege na kuwachukua. Basi watoto wenzangu walipopelekwa bustanini kupanda bembea, mimi nilipelekwa kutazama watu wakifika. Msinionee huruma. Uwanja wa Riyadh ulikuwa na chemchemi ndani kwa ndani, na majani mabichi katika nchi ya mchanga, na baridi ya bure. Mama alikuja na chupa ya chai, tukakaa kwenye viti vya abiria kama watu waliokata tiketi ya kwenda mbali.

Lakini Mama hakwenda pale kwa ajili ya chemchemi. Macho yake yalikuwa kwenye benchi moja pembeni, walipokalishwa wasichana waliokuja kufanya kazi za nyumbani. Walitoka kwa kundi, pasi zao zikiwa mkononi mwa afisa mmoja, wakakaa wakingoja kuitwa majina. Ukiitwa, kafili wako, yaani bosi aliyekuagiza, yuko pale, anatia sahihi, unamfuata. Mama aliwatazama tu, akasema kwa sauti ya chini, "Yule wa Malindi. Yule wa bara. Yule hajala tangu jana." Sijui alijuaje, na sijui kama alikuwa sahihi, lakini mimi nilimwamini kwa yote.

Na siku nyingine alipika sufuria ya pilau, Baba akatupeleka Manfuha, kwenye nyumba kuukuu ambamo wanawake waliokimbia kwa mabosi wao walilala chumba kimoja. Mimi niliachwa karibu na mlango nicheze. Mtoto akiambiwa acheze ndipo masikio yanapofunguka, na mimi nilisikia visa vingi vipande vipande. Mwanzo wake ulitofautiana. Mwisho ulikuwa karibu uleule: nyumbani kwao hawakujua hata alikuwa kwa nani.

Basi fikirieni hali ya Mama siku alipopigiwa simu na mdogo wake, Khalati Zuhura, akaambiwa kwamba yeye naye ameshatia sahihi kwa ajenti na anakuja Jeddah. Walizozana siku kadhaa. Khalati alikuwa na jibu moja, kwamba wewe uko huko unakula na kusaza, mimi nikija unaniona mjinga. Haikuwa kweli kwamba tulisaza, ila simu haionyeshi sufuria. Mama aliposhindwa kumzuia akaanza kumtafuta ajenti, ajue mdogo wake anapelekwa nyumba gani. Ajenti akasema, "Akifika atawaambia mwenyewe." Mama akakata simu, akakaa kitako jikoni. "Akifika watamnyang'anya simu," alimwambia Baba. "Jeddah nzima hiyo, nitaanzia kugonga mlango gani?"

Ndivyo tulivyopata safari. Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo Mama angeweza kujua nyumba ya Khalati, nako ni kwenye benchi kama lile, uwanja wa Jeddah, kabla kafili hajatia sahihi na kuondoka naye. Akishapita mlango ule, amepotea kama sindano iliyoanguka mchangani. Baba aliomba ruhusa kazini, akaazima gari la rafiki yake, tukaondoka baada ya alfajiri.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kutwa nzima njiani, na nusu ya njia ni mchanga na ngamia waliosimama kama wamesahau walichofuata. Baba alijaribu kuchangamsha. "Mama Rukia, watu huenda Jeddah wakajipatia umra. Sisi tunakwenda kumwona mtu akipita."

"Basi twende tukamwone akipita," Mama akajibu, mikono juu ya kopo la mahamri lililokuwa mapajani mwake tangu nyumbani. Kwenye milima ya Taif, pale wanapokaa nyani kando ya barabara, niliomba hamri moja niwarushie. Akaniambia mahamri yale ni ya Khalati, na kwamba nyani wa Taif hawajawahi kulala njaa. Nilinuna mpaka tukateremka bondeni na joto likanisahaulisha kununa.

Uwanja wa Jeddah wakati huo ulikuwa ule wa zamani, hawajajenga huu mpya wenye tangi la samaki. Ulikuwa umejaa mahujaji, madebe ya zamzam, watoto waliolala juu ya mabegi. Mama aliniweka mbele ya kamba ya kuzuia watu, akanipa kazi. "Wewe una macho mazuri. Utamjua kwa mwanya wake." Kweli, Khalati nilimjua kwa kumwona kwenye picha akicheka, na mwanya wake ulikuwa mpana, wa kujivunia. Nikakaza macho kwenye ule mlango kutafuta meno.

Kundi likatoka. Wote walivaa mabuibui meusi, na wote wamefunika nyuso kwa ninja, macho tu nje. Hapakuwa na jino hata moja la kuangalia.

"Subhanallah," Mama akasema taratibu, "mimi ndiye niliyeyataka haya."

Maana mwezi mzima alikuwa akimhubiria mdogo wake kwenye simu: ukishuka huku jisitiri vizuri, funika uso, usiwape la kusema. Khalati, ambaye hakuwahi kumsikiliza Mama kwa lolote, hili akalisikiliza. Si hivyo tu, aliwafundisha na wenzake kwenye ndege, hata wale wa bara wasio Waislamu, na wengine walikuwa wameifunga kwa namna ambayo huoni wanapumulia wapi. Na Mama mwenyewe alikuwa amevaa ninja, kama alivyozoea akitoka. Kwa hiyo hata Khalati angetutazama, angeona buibui moja jeusi katikati ya mabuibui meusi mia.

Wakakalishwa benchini, mbali na kamba yetu. Afisa akaanza kuita majina, lakini kwa kelele za matoroli na watu wanaopokeana hatukusikia hata moja. Msichana mmoja akainuka, akafuata mtu mwenye kanzu, akatoka. Akainuka mwingine. Baba alijaribu kumsogelea afisa, akarudishwa kwa mkono. Kila aliyeinuka nilihisi vidole vya Mama vikikaza begani kwangu, na kila aliyeondoka Mama aliuliza hewani, "Ndiye? Au siye?" Niliogopa. Sikuwahi kumsikia mama yangu akiuliza kitu ambacho alidhani mimi ninakijua.

Sasa lazima niwaeleze kitu kuhusu Mama. Riyadh alikuwa mpole kupita kiasi. Dukani alinong'ona, kwenye lifti alisimama pembeni kama ameomba lifti ya watu. Lakini Majengo, Mombasa, alikokulia, alijulikana kwa kigelegele. Harusi ikiwa mtaa wa pili, watu walisema fulani amefika, kwa kusikia tu. Mimi habari hizo nilizisikia kama unavyosikia kwamba babu yako alikuwa na nguvu, ukasema sawa.

Mama akaingiza mkono chini ya ninja yake, akavuta pumzi, akapiga.

Wenzangu, kilipanda mpaka darini. Kilikuwa kirefu, cha kuviringika, cha kumtoa bibi harusi ndani. Ukumbi ukanyamaza, na toroli la mzee mmoja likaenda peke yake. Askari akaja mbio akisema, "Ya hurma, aibu, aibu," na Baba akaanza kuomba radhi kwa Kiarabu chake cha barabarani. Mama hakumtazama askari. Alikuwa anatazama benchi.

Na kutoka kwenye benchi kikajibiwa. Kilianza vizuri, kikakatika katikati, kwa sababu mwenye kukipiga alikuwa ameanza kulia. Msichana wa tatu kutoka mwisho alikuwa amesimama, mikono kichwani.

Kando yetu palikuwa na bibi wa Kihijazi kwenye kiti cha magurudumu, mwanawe wa kiume nyuma yake. Watu wa Hijazi nao wana vigelegele vyao, nadhani kilimgusa mahali. Akacheka, akamwambia askari amwache mwanamke wa watu, kisha akamuuliza Mama harusi ni ya nani. Mama akasema si harusi, ni mdogo wake amefika, yule pale aliyesimama. Mwanawe akatazama karatasi yake, akamtazama afisa aliyekuwa anamnyooshea Khalati kidole. "Mama," akamwambia yule bibi, "huyo ndiye wetu."

Khalati alipoletwa mpaka kwenye kamba yetu, nilitegemea Mama atamrukia mdogo wake. Walishikana mikono tu, kwa nguvu, na Khalati akasema, "Dada, unanuka nyumbani," basi. Mama alimwacha hapo hapo. Akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya wanaume: akaipandisha ninja, uso wake wote ukawa wazi, akapiga magoti mbele ya kiti cha yule bibi na kumbusu kichwa.

"Ya khala," alisema, "huyu tumezaliwa tumbo moja. Mimi naitwa Mwanajuma, nakaa Riyadh, Malaz. Yule ni mume wangu. Huyu ni binti yangu. Sasa mdogo wangu yuko kwako, basi na sisi ni watu wako." Akanisukuma na mimi nimbusu yule bibi. Akamwambia Baba ampe yule kijana namba ya simu na achukue yake. Akauliza mtaa, akauliza jirani ya msikiti gani, akayarudia majibu kwa sauti. Halafu akachukua lile kopo la mahamri, lililokaa mapajani mwake kutoka Riyadh, akaliweka mapajani mwa yule bibi.

Hapo nilikasirika kwelikweli. Mahamri ya Khalati! Mimi nimenyimwa, nyani wamenyimwa, na Khalati mwenyewe amesimama pale na njaa ya safari, anapewa mtu ambaye nyumbani kwake bila shaka kuna ngamia mzima wa kuokwa. Nikanuna, nikahakikisha uso wangu unaonekana.

Walipoondoka, Khalati akisukuma kile kiti kana kwamba amekisukuma maisha yake yote, sisi tukageuka kwenda zetu. Ndipo msichana mmoja aliyebaki benchini, wa bara, akainua ninja yake aliyoifunga vibaya. Alikuwa na uso wa kitoto, umejaa jasho.

"Auntie," alimwita Mama, "hata mimi nipigie basi. Wasidhani niko solo."

Baba alicheka. Mimi nilicheka sana, nikaona huyu naye ana vituko. Afisa alikuwa ameshaita jina lake, na mwanaume mmoja mwenye haraka alikuwa anatia sahihi huku akisema yalla, yalla. Mama alimtazama askari, askari akatazama pembeni kama mtu aliyechoka. Mama akapiga cha pili. Hakikuwa kifupi wala cha kubania, kilikuwa sawa na kile cha kwanza. Yule mwanaume hakugeuka. Msichana alimfuata akiwa ameangalia nyuma, anacheka, anapunga mkono, mpaka mlango ukajifunga.

Katika gari Baba aliuliza, "Haya, umeridhika sasa?"

"Wameniona," Mama akasema. Akageuza uso dirishani, na mimi nikapitiwa na usingizi nikiwa bado na hasira za mahamri.

Khalati alikaa miaka minne katika nyumba ile. Yule bibi alimpigia Mama simu kila Idi, mara nyingi kumshtaki mdogo wake kwa kuzidisha pilipili. Khalati aliporudi Mombasa alitusimulia kwamba jioni ya kwanza mwana wa bibi alitaka kumnyang'anya simu, kama ada yao ilivyokuwa, na bibi akasema mwache nayo, yule dada yake mwenye sauti atakuja kunidai. Nikiwa msichana mkubwa nilikuwa nasimulia kisa hiki karamuni, na watu walicheka nilipofika kwenye toroli la mzee. Nilidhani Mama alisafiri siku nzima ili amwone mdogo wake. Mpaka nilipopata binti yangu mwenyewe, na kumpeleka shule ya bweni, na kujikuta nimemshika mkono mlezi wa bweni simwachii, ndipo nikajua Mama alikwenda Jeddah ili wao wamwone yeye. Wajue sura yake, jina lake, mume wake, mkono unaopika. Mahamri hayakuwa chakula.

Yule wa bara aliitwa Nekesa. Khalati alikaa naye kiti kimoja cha ndege, akamfundisha kufunga ninja, na mpaka leo akikutana na mtu wa Bungoma humuuliza habari zake. Hakuna ajuaye. Mama alimpigia kwa moyo wote, lakini hatukumuuliza mtaa, hatukuchukua namba, na kopo lilikuwa limeshakwenda. Alikuwa ametua saa hiyo, hana usingizi, hajui neno la Kiarabu, na akaelewa palepale benchini Mama alikuwa anafanya nini. Akaomba na yeye. Na mimi nilicheka.